Farasi wa Shimoni na Kijana Aliyemuongoza



Katika nyumba ya mzee mumoja wa kanisa letu, mutu aliyetumika chini ya udongo ku Kipushi miaka mingi, kuna picha moja ndogo ukutani. Aliikata katika kalenda ya zamani iliyotoka Ulaya. Inaonyesha kijana mwenye taa mukononi, na kando yake farasi mufupi aliyevaa kofia ya ngozi. Nyuma yao kuna vagoneti tatu zilizojaa makaa ya mawe. Juu ya vichwa vyao ni mawe na mbao tu. Wako ndani ya shimo.

Nilimuuliza: "Baba, farasi anatafuta nini chini ya udongo?"

Akacheka. "Pasta, unafikiri kazi ya shimo ilianza na masini? Mbele ya masini kulikuwa huyu. Na uangalie muzuri: nani anavuta mwenzake?"

Nikaangalia tena. Kamba ilikuwa imelegea. Kijana hakumuvuta farasi, wala farasi hakumuvuta kijana. Walikuwa wanatembea bega kwa bega, kama watu wanaotoka kazini pamoja.

Picha ile haikuniacha. Nilianza kusoma na kuuliza. Mwezi huu ninataka kuwaambia ninyi wazazi na vijana namna watu wa mashimo walivyojifunza kumutunza farasi, na kwa nini yule aliyemutunza vibaya alijitafutia hatari yeye mwenyewe.

LAKINI SISI HATUNA FARASI!

Najua kijana mumoja atasema: "Pasta, hapa kwetu farasi wako wapi?" Ni kweli. Mujini Lubumbashi wako wachache wa kupandwa kwa muchezo, lakini katika kartie zetu hauwaoni. Sababu yake si uvivu wa babu zetu. Inzi wa tse-tse, yule anayeleta ugonjwa wa usingizi kwa watu, anamuletea farasi ugonjwa unaoitwa nagana: homa inamushika, damu inapunguka, anakonda, kisha anakufa. Kuna tena ugonjwa mwingine wa farasi wa Afrika, unaoletwa na vidudu vidogo vinavyouma usiku. Huo unaweza kuua farasi mwenye nguvu kwa siku chache tu.

Basi katika Katanga ya zamani, mbele ya reli kufika Lubumbashi katika mwaka 1910, muzigo ulibebwa kwa kichwa na kwa bega. Fasi farasi hakuweza kuishi, mutu njo alifanywa farasi. Ushike neno hilo, musomaji, juu tutalirudilia.

FARASI ALIINGIA, MUTOTO AKATOKA

Twende sasa Ulaya, fasi picha ya mzee ilitoka. Katika mashimo ya makaa ya mawe ya Uingereza, ya Ufaransa na ya Ubelgiji, farasi walitumika miaka mingi. Haya ni makaa kama yale yaliyochimbwa kwetu ku Luena, upande wa Bukama. Huko Uingereza, habari za kwanza za farasi kushushwa chini zinatoka upande wa Durham, karibu mwaka 1750.

Lakini kwa muda murefu, katika njia nyembamba, aliyevuta makaa alikuwa mwanamuke ao mutoto. Alifungwa mukanda kiunoni, munyororo ukapita katikati ya miguu, akatambaa kwa mikono na magoti ndani ya maji na giza. Watu wakubwa wa inchi waliposikia habari hizo waliona haya. Katika mwaka 1842 Bunge la Uingereza lilikataza wanawake na wasichana wote kutumika chini ya udongo, pamoja na wavulana walio chini ya miaka 10.

Kisha sheria hiyo, farasi wadogo waliongezeka. Katika mwaka 1913 walikuwa karibu 70 000 katika mashimo ya Uingereza. Munyororo uliofunguliwa katika kiuno cha mutoto ulifungwa katika kifua cha munyama. Ndiyo sababu ninasema tusimucheke farasi yule mufupi wa kalenda.

MAISHA YAKE CHINI

Fasi paa la shimo lilikuwa karibu na udongo, walituma farasi wa Shetland, ambao kimo chao mabegani ni karibu mita moja tu. Katika njia kubwa walitumia wakubwa zaidi. Kama shimo lilishuka muzima-muzima kama kisima, farasi walikaa kule kule chini: nyumba yao ilijengwa ndani ya udongo, na walipanda juu mara moja kwa mwaka, wakati wa konje ya watumikaji. Siku ile walikimbia katika majani kama watoto wanaotoka masomoni, na kuwakamata tena ilikuwa kazi kubwa.

Posti yao ilikuwa ya saa 8. Kwa posti moja, farasi muzuri aliweza kuvuta jumla ya tani 30 hivi, vagoneti kwa vagoneti. Ile kofia ya ngozi ilikuwa ya kulinda kichwa na macho, juu mbao za paa zilining'inia chini. Watu wengi wanasema kwamba farasi wa shimoni wote walikuwa vipofu juu ya giza. Si hivyo. Giza peke yake halikuwapofusha. Kilichoharibu macho ni mawe, mbao na vumbi. Lakini ni kweli kwamba macho ya farasi yanazoea nuru pole pole kuliko ya mutu. Ukimutoa gizani na kumukimbiza juani kwa ghafula, anaogopa, na farasi mwenye kuogopa anaumiza watu.

UMUJUE ANGALI MUZIMA

Sasa tuseme juu ya afya yake. Watunzaji wa zamani walijua jambo moja kubwa: huwezi kutambua ugonjwa wa munyama ambaye hukumujua angali muzima. Kila asubuhi, mbele ya kumufunga kazini, walimuangalia kutoka pua mupaka mukia.

Moyo wa farasi mukubwa aliyepumzika unapiga mara 28 mupaka 44 kwa dakika. Anapumua mara 8 mupaka 16. Joto la mwili wake ni kati ya 37,5 na 38,5. Macho yawe safi, pua isitoe uchafu muzito. Umusikilize tumbo: tumbo la farasi muzima linanguruma kidogo-kidogo siku yote. Likinyamaza kabisa, ujue kuna shida.

Tumbo njo adui wake wa kwanza. Farasi ni munyama mukubwa mwenye tumbo dogo, na hawezi kutapika. Kile kilichoingia sherti kipite mupaka mwisho. Kama chakula kimezuiliwa ao kimechachuka, anashikwa na maumivu makali yanayoitwa koliki. Utamuona anageuka kuangalia ubavu wake, anapiga udongo kwa muguu, anatoka jasho, analala na kuamuka, anajiviringisha. Hapo usingoje kesho. Uondoe chakula, umuite munganga wa wanyama mara moja. Koliki inaweza kuua kwa saa chache.

CHAKULA, MAJI, NA HATARI YA MUHINDI MUBAYA

Farasi ameumbwa kula majani kidogo-kidogo karibu siku nzima. Farasi wa kilo 500 anahitaji karibu kilo 10 za chakula kikavu kwa siku, na sehemu kubwa iwe majani. Maji ni litri 25 mupaka 50, na zaidi kama anatoka jasho. Chumvi vilevile asikose.

Mule shimoni walimupa majani makavu yaliyokatwa-katwa pamoja na muhindi. Ndiyo, muhindi ule ule tunaofanya nao bukari! Unaleta nguvu, lakini una mipaka. Ukizidisha, tumbo linaharibika na miguu inashikwa na moto ndani ya kwato, mupaka hawezi kusimama. Na usimupe hata siku moja muhindi ulioota ukungu. Mama mumoja anaweza kusema: "Haufai kwa watu, tuwape wanyama." Hapana, mama. Kuna ukungu wa muhindi unaooza ubongo wa farasi. Anaanza kutembea kama mulevi, anagonga ukuta, kisha anaanguka na kufa, na dawa yake haipo. Hata kuku na nguruwe wako, ukungu wa chakula unawaua pole pole. Muhindi ulioharibika utupwe.

KWATO NA NGOZI

Wazee wa farasi wanasema: muguu ukiisha, farasi ameisha. Ukwato unaota karibu sentimetri moja kwa mwezi, kama ukucha wako. Kila juma 6 mupaka 8 sherti mufundi aukate na kuulinganisha, na kama farasi anavaa viatu vya chuma, avitoe na kuvipigilia tena. Kila siku uinue miguu yote mine na kutoa mawe na matope chini yake. Ukikuta musumari umeingia, ni hatari sana, juu farasi anashikwa na tetanosi kwa upesi kuliko wanyama wengine. Chanjo ya ugonjwa huo iko.

Kisha uangalie fasi kamba na mukanda vinagusa mwili: kifua, mabega, mugongo. Nywele zikianza kutoka, ni alama kwamba mukanda haukai sawasawa. Usingoje kidonda. Ukishaona kidonda, farasi apumzike mupaka kipone, na mukanda utengenezwe. Kuweka kitambaa juu ya kidonda na kumurudisha kazini ni kudanganya munyama na kujidanganya mwenyewe.

NAMNA YA KUMUFANYA RAFIKI

Sasa, kijana, usikie hapa. Farasi ana nguvu mara kumi kuliko wewe. Ukitaka kushindana naye kwa mikono, umeshashindwa. Anakutii juu anakuamini, na imani ile inajengwa kwa mambo madogo.

Kwanza, umukaribie fasi anakuona. Macho ya farasi yako kando ya kichwa, anaona karibu pande zote, lakini haoni kilicho nyuma yake kabisa, wala kilicho mbele ya paji la uso wake karibu sana. Umuendee kutoka upande wa bega, ukisema naye. Anayetokea nyuma kimya-kimya anapata teke, na kosa si la farasi.

Pili, usome masikio yake. Yakielekea mbele, anasikiliza. Yakilala nyuma kabisa juu ya shingo, amekasirika. Sikio moja likikugeukia wakati unatumika kando yake, amekukumbuka.

Tatu, ukimuomba jambo kwa kamba, ulegeze mara tu anapotii. Si kisha dakika moja, pale pale. Kulegea kwa kamba njo "asante" anayoielewa. Ukiendelea kuvuta hata akitii, unamufundisha kwamba kutii hakuna faida. Wazazi, na sisi tujipime hapo na watoto wetu.

Nne, usimupige ukiwa na hasira. Farasi hasahau upesi. Atakumbuka fasi ile, sauti ile, na mukono ule.

Tano, ushike saa. Chakula saa ile ile, maji saa ile ile, mukono ule ule unaomusugua jioni. Vijana wa shimoni waligawanya mukate wao na farasi wao. Wengine wanasimulia kwamba farasi alijifunza kufungua kopo la chakula la kijana na kula mwenyewe! Tena wanasema kwamba alihesabu vagoneti kwa kusikia minyororo ikifungwa, tik, tik, tik. Wakiongeza moja juu ya kipimo chake, alisimama tu mupaka waifungue.

SIKU FARASI ANAKATAA

Hapa njo tunafika penye uzima na kifo. Watu wa mashimo mengi ya Ulaya wamesimulia jambo moja. Kijana anatembea na farasi wake katika giza. Kwa ghafula farasi anasimama. Kijana anamuita, anakataa. Anamusukuma, anakataa. Anatetemeka, anarudi nyuma. Kisha dakika moja paa linaanguka mbele yao, fasi ile ile walipotaka kupita.

Haiko uchawi. Sikio la farasi linashika sauti za juu ambazo sikio la mutu halishiki, na kwato zinasikia udongo ukitetemeka. Mbao zinapoanza kupasuka kidogo-kidogo, yeye ameisha kujua. Musomaji wa Biblia anakumbuka punda wa Balaamu katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22: bwana alimupiga mara tatu, kumbe munyama alikuwa anamuokoa.

Lakini uangalie siri ya jambo hili. Kijana aliyezoea kupiga farasi wake kila siku, farasi anaendelea mbele kwa kuogopa fimbo, ao kijana hawezi kutambua kwamba kukataa kwa leo si kama kukataa kwa jana. Yule anayemujua farasi wake anasema: "Huyu hanidanganyaki. Kuna kitu." Naye anarudi nyumbani kwa mama yake. Utunzaji wa kila siku njo ulimufundisha lugha ile.

Harry Lauder, mwimbaji wa Scotland aliyezaliwa mwaka 1870, alitumika katika mashimo ya makaa ya mawe upande wa Hamilton akiwa kijana. Alipopata jina kubwa kwa nyimbo zake hakuwasahau farasi wale. Alisimama kuwaombea mbele ya watu wa Bunge.

FARASI AO MUTU?

Katika mashimo yale kulikuwa vilevile neno la uchungu. Watumikaji walisema: paa likianguka, mukubwa wa kazi anauliza kwanza kama farasi ameumia. Juu farasi alinunuliwa kwa feza, lakini mutu akifa, mwingine anasimama mulangoni asubuhi.

Je, wachukie farasi juu ya hiyo? Hapana. Kosa halikuwa kwamba farasi alihesabiwa kuwa kitu. Kosa lilikuwa kwamba mutu alihesabiwa bure. Mezali 12:10 inatufundisha kwamba mutu wa haki anafikiri hata maisha ya munyama wake. Aliyejifunza kumuhurumia munyama, namna gani amukanyage mutoto wa mutu?

Katika mwaka 1911 Uingereza ilitoa sheria kubwa ya mashimo ya makaa, yenye sehemu juu ya farasi. Farasi asishuke mbele ya kufikisha miaka 4. Munganga amupime kwanza. Kipofu asitumikishwe. Kwa kila farasi 15, awepo mutunzaji mumoja anayejua kazi. Kwa nini miaka 4? Juu farasi wa miaka 2 ao 3, hata akionekana mukubwa, mifupa yake ingali inakomaa. Ukimubebesha muzigo mapema unamuharibu kwa maisha yote.

Baba, mama, niliposoma hiyo niliweka kitabu chini. Farasi alingojewa mupaka mifupa yake ikomae. Na mutoto wako? Katika inchi yetu sheria ya mwaka 2009 ya kulinda mutoto inakataza kumutia katika kazi za hatari. Lakini asubuhi, kando ya barabara zetu, nani anapita na mufuko wa mawe begani? Nani anasimama ndani ya maji kuosha mawe wakati wenzake wanasoma? Neno tulilosema mwanzoni, kwamba mutu njo alifanywa farasi, lingali linaishi katikati yetu. Ninajua njaa ya nyumba. Ninajua mushahara uliochelewa. Sisemi kwa kuhukumu. Ninauliza tu: mifupa ya mutoto huyu imekomaa?

MWISHO WA KAZI YAKE

Masini na mikanda ya kubeba makaa ilichukua kazi ya farasi pole pole. Katika mwaka 1994 wale wa mwisho walitoka katika shimo kubwa la Ellington, kaskazini mwa Uingereza. Na katika mwaka 1999, huko Wales karibu na Pontypool, farasi mumoja anayeitwa Robbie alimaliza kazi katika shimo dogo. Anahesabiwa kuwa wa mwisho kutumika chini ya udongo katika Uingereza yote.

Nilirudi kwa mzee wetu kumusimulia haya. Alisikiliza, akaangalia picha yake. Kisha akasema: "Pasta, mimi sikutumika na farasi. Lakini kapita wangu wa kwanza alinifundisha kugonga paa na chuma na kusikiliza mbele ya kuingia. Aliniambia: Mutoto, usikimbilie mbele ya sikio lako. Labda yeye alijifunza kwa mutu, na mutu yule alijifunza kwa farasi."

Musomaji, labda hautapata farasi. Lakini nyuma ya nyumba yako kuna mbuzi aliyefungwa kamba fupi juani bila maji. Kuna imbwa anayelinda nyumba usiku na kupata teke asubuhi. Anza na hao, leo jioni. Umuangalie kutoka pua mupaka mukia. Umupe maji safi. Ulegeze kamba.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Katika wanyama tulio nao, nani anawapa maji kila siku? Kama hayuko, nani anakula?
2. Tunaweza kutambua alama gani tatu kama mbuzi ao imbwa wetu ni mugonjwa?
3. Kuna wakati munyama alituonya juu ya hatari? Watoto waulize tate na nkambo.
4. Katika nyumba yetu ao kartie yetu, kuna mutoto anayebeba muzigo unaozidi mifupa yake? Tutafanya nini pamoja?